Kitambaa cha Buluu Kilichoipita Bunduki Lambwe

Nimeuona! Mtego wa mbung'o aina ya NGU, umesimama wima ukingoni mwa kichaka upande wa Nyatoto, si mbali na uzio wa Mbuga ya Kitaifa ya Ruma. Kitambaa chake cha buluu kilikuwa kinawaka kwenye jua la asubuhi, na ndani ya mfuko wa juu mbung'o walikuwa wamelaliana, wengi wamekauka, wengine bado wanapapatika. Kwa miaka nilikuwa nikiusoma na kuutazama pichani tu. Picha zinaudhulumu. Ukiusogelea, ukauona ukifanya kazi bila sauti, bila betri, bila mtu kuulinda, unabaki mdomo wazi.

Basi nasema bila kusita: kama unaishi Bonde la Lambwe, Homa Bay, au una watu wako Gwasi, Kaksingri au Kanyamwa, na unatafuta silaha ya kujilinda wewe na mifugo yako, anza na hii. Bunduki ije baadaye, ikija.

Najua kwa nini fikra inakimbilia bunduki. Ukitaja kujihami, picha ya kwanza ni mtutu. Lakini Kenya bunduki haichukuliwi dukani kama jembe. Lazima uwe na cheti, Bodi ya Leseni za Silaha ikuchunguze, ueleze unaitakia nini, uonyeshe utaihifadhi wapi. Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo hata mwenye cheti hana ruhusa ya kuingia porini akaangusha nyati aliyemlia mahindi. Bondeni Lambwe bunduki zipo mikononi mwa askari wa KWS, shirika la wanyamapori, na zina kazi ya heshima kubwa: kumlinda kifaru, na kuwalinda korongo, swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma, ambao Kenya nzima hawakubaki porini isipokuwa Ruma. Hapo sina la kupinga. Ila adui aliyewatesa watu wa Lambwe kwa vizazi, akiwaambukiza malale na ng'ombe wao nagana, hapigiki kwa risasi. Ana mabawa, ana urefu wa sentimita moja hivi, na anakufuata hata ukiwa ndani ya gari linalokwenda.

Na hata hivyo, bunduki ilishajaribiwa dhidi yake! Hili ndilo linalonishangaza kila nikilisoma. Mbung'o anaishi kwa damu peke yake, dume kwa jike, hana chakula kingine. Watawala wa kikoloni wakapiga hesabu: ondoa wanyama pori, mbung'o atakufa njaa. Katika Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, wawindaji wa serikali waliua mamia ya maelfu ya wanyama kwa miongo kadhaa. Uganda nayo ikafuata njia hiyo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Palipoonekana matunda, yalidumu mradi bunduki hazijanyamaza. Zikinyamaza, pongo na ngiri wanarudi vichakani, na mbung'o yuko nyuma yao. Hebu fikiria njia hiyo Lambwe. Wangemmaliza korongo wa mwisho, na bado ng'ombe wa jirani angekonda na kutupa mimba.

Sasa tuutazame mtego wenyewe, maana hapa ndipo penye utamu.

Ukiutazama kutoka juu una umbo la pembetatu. Mbele kuna mbawa mbili za kitambaa cha buluu zilizofunguka kama mtu anayekukaribisha. Ndani kuna kitambaa cheusi. Juu kuna neti nyeupe iliyoshonwa ikasongwa hadi ncha, na kwenye ncha hiyo kuna mfuko. Yote hayo yanashikiliwa na nguzo chache. Basi! Hakuna skrubu ya kupotea, hakuna kifaa cha kuagiza ng'ambo. Fundi cherehani yeyote wa sokoni akipewa kipimo anaushona, na ndivyo waliouvumbua walivyokusudia.

Lakini ndani ya huo urahisi kuna akili nyingi. Mbung'o wa Lambwe, anayeitwa kitaalamu Glossina pallidipes, huvutwa kutoka mbali na buluu. Akifika karibu anatafuta cheusi, kwa kuwa cheusi kwake ni kivuli, ni ubavu wa mnyama, ni mahali pa kutua. Anapita kati ya mbawa za buluu, anagonga kile cheusi, hapati damu, anataka kuondoka. Mbung'o akitaka kuondoka hupanda kuelekea kwenye mwanga. Mwanga uko juu, kwenye neti nyeupe. Anapanda, neti inazidi kuwa nyembamba, anapenya kwenye shingo, yuko mfukoni. Ni akili ile ile ya dema la mvuvi: kuingia ni kwepesi, kutoka hakuna. Jua linamalizia kazi.

Nilichuchumaa pale nikamtazama mmoja akiingia. Alikuja chini chini, usawa wa goti, kwa kasi ya kuogofya, akazunguka mara moja, akatua kwenye cheusi. Mabawa aliyakunja moja juu ya jingine kama visu vya mkasi uliofungwa. Hivyo ndivyo unavyomtofautisha na nzi wengine wote. Mdomo wake wa kuchomea umeelekea mbele. Akatulia. Kisha ghafla akaruka juu, akapotelea kwenye weupe wa neti. Nikajikuta nimeshangilia kwa sauti, na mzee aliyekuwa akichunga hapo karibu akageuka kunitazama. Nikamwamkia, "Shikamoo, jaduong'," akaitikia huku akicheka.

Halafu kuna harufu. Wallahi harufu ndiyo inayoufanya mtego huu uwe silaha kamili badala ya pambo la kichaka. Karibu na mguu wa mtego wanaweka chupa ndogo ya asetoni yenye kitundu kwenye kifuniko, na kando yake kopo la mkojo wa ng'ombe uliokaa ukachacha. Asetoni ni sehemu ya pumzi ya ng'ombe. Mkojo uliochacha una kemikali ambazo mbung'o anazifuata kwa makumi ya mita akienda kinyume na upepo. Yaani unamwambia mbung'o kuna ng'ombe hapa, na ng'ombe mwenyewe yuko zizini salama. Risasi ya silaha hii, ndugu zangu, ni mkojo! Unauchota bure kila asubuhi.

Jina NGU linatokana na Nguruman, kule Kajiado, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Watafiti wa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, waliubuni huko miaka ya 1980 wakishirikiana na wafugaji Wamaasai, na katika eneo la kilomita za mraba 100 hivi mbung'o walishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Kabla ya hapo uliotamba ni mtego wa pia mbili zilizogeuziana vinywa, uliobuniwa na Wafaransa Challier na Laveissière mwaka 1973. Ule bado ni mzuri wa kuhesabia mbung'o, na watafiti wanaupenda. Ila kwa mwanakijiji anayetaka kuua, na kwa mbung'o huyu wa Lambwe, chaguo langu ni NGU, tena bila kupepesa macho. Unashoneka kwa urahisi zaidi na unapokea wengi zaidi.

ICIPE hiyo hiyo iko mlangoni kwa watu wa Lambwe. Profesa Thomas Risley Odhiambo, aliyeianzisha mwaka 1970, aliweka kituo kikubwa Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, na leo kituo kile kina jina lake. Kutoka Mbita hadi bondeni si safari ndefu. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba sayansi hii haikutua kutoka nje ikatupita; kituo kiko hapa, na mbung'o wako hapa.

Mtu ataniuliza: mtego unakamata mbung'o wachache kwa siku, na porini wako maelfu, utawezaje kushinda? Jibu limejificha kwenye uzazi wao. Nzi wa kawaida hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o jike hutunza buu moja tumboni, akalilisha maziwa yake humo humo, akalizaa likiwa karibu ukubwa wake, kisha linajichimbia udongoni. Buu moja kila baada ya siku 9 au 10 hivi. Ukoo wa namna hii hauwezi kufidia vifo haraka. Watafiti walikokotoa kwamba ukiua majike 4 katika kila 100, kila siku, bila kuacha, ukoo unateremka hadi kwisha. Wanne tu! Silaha ya kasi huihitaji hapa. Unahitaji ile isiyolala, na kitambaa hakilali.

Ndiyo maana dawa ya ndege haikutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale iliwaka Lambwe, ile ya aina ya rhodesiense inayoua haraka, na mwaka 1981 ndege zilipita juu ya bonde zikinyunyiza dawa mara kwa mara kwa mpango. Mbung'o walipungua sana. Kisha waliosalia wakaanza upya, na bonde likajaa tena. Ndege hupita ikaondoka. Kitambaa kinabaki.

Wala usiichukulie malale kama hadithi ya mababu. Kuzunguka ziwa hili hili, hasa Busoga na visiwa vya Uganda, ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 200,000 katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Ndiyo sababu habari ya Agosti 2025 ilinirusha kitini: Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeitokomeza malale kama tishio la afya ya umma, nchi ya 10 kufika hapo. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa nchini alipatikana mwaka 2009. Lambwe, jina lililokuwa likitajwa kwa hofu, sasa liko upande wa walioshinda! Ila wanyama wa Ruma bado wanaweza kubeba vimelea bila kuugua, na mbung'o bado wapo, na nagana ya ng'ombe bado ipo. Silaha haziwekwi chini.

Kwa ng'ombe kuna chaguo lingine ambalo limenivutia mno, nalo ni kumgeuza ng'ombe mwenyewe awe mtego unaotembea. Unampaka dawa ya jamii ya deltamethrini, mbung'o anatua kunyonya, anaondoka na kifo chake. Kizuri zaidi ni kwamba huhitaji kumlowesha mwili mzima. Mbung'o wa aina hii huuma zaidi miguuni na tumboni, na huwaendea ng'ombe wakubwa kuliko ndama. Kwa hiyo unanyunyizia miguu na tumbo la wale wakubwa, gharama inashuka sana, na ndama wanabaki huru kujenga kinga dhidi ya magonjwa ya kupe. Uganda waliitumia mbinu hii kwenye kampeni kubwa iliyoanza mwaka 2006 ili kuzuia malale isienee na ng'ombe wanaouzwa kuelekea kaskazini. Mwenye maksai wawili wa kulimia na pampu ya mgongoni anaweza kuanza wikendi hii.

Halafu nikaishika kola.

Naomba nipumue kwanza. Kola! Imejulikana zamani kwamba kuro, yule swala mzito mwenye weupe matakoni, anakaa katikati ya mbung'o na hawamgusi. Damu anayo, nyama anayo, lakini wanampita. Watafiti wa ICIPE wakachukua harufu ya mwili wake, wakaitenganisha, wakapata mchanganyiko unaowafukuza mbung'o, wakautia kwenye kichupa chenye mrija kinachoning'inia shingoni mwa ng'ombe na kuachia harufu kidogo kidogo. Ng'ombe wako ananuka kuro! Walipoijaribu Kwale, kandokando ya Milima ya Shimba, kwa mbung'o wa aina hii hii ya Lambwe, maambukizi kwa ng'ombe waliovaa kola yalishuka kwa zaidi ya asilimia 80, kama walivyochapisha mwaka 2017. Baadaye wakaenda kwa punda milia, naye wakamkuta na harufu yake ya kufukuza. Mkononi kola ni kitu kidogo, ukikinusa kina ukali wa mnyama, na nilipoirudisha vidole vilibaki na harufu hadi jioni. Sikunawa haraka.

Sasa, ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu? Nimefikiria sana. Kola inamlinda ng'ombe aliyeivaa, lakini haimuui mbung'o. Anakwenda kumtafuta mwingine, labda wa jirani yako, labda mtoto anayechota maji. Mtego unaua kwa niaba ya kijiji kizima. Kwa hiyo mtego kwanza, dawa ya miguu pili, kola pale utakapomudu. Vyote vitatu pamoja ndiyo ndoto yangu: harufu ya kuro inawasukuma huku, harufu ya mkojo inawavuta kule, na katikati hawana pa kwenda.

Vile vitambaa vidogo vya buluu na neti nyeusi vyenye dawa, sentimita 25 kwa 50, vilivyosifika West Nile, Uganda, visikuhadae. Kule vinashinda kwa sababu mbung'o wao ni wa kandokando ya mito na hutua hata kwenye kitu kidogo. Wa kwetu ni wa vichaka na mbuga, anataka umbo kubwa na harufu. Vilevile usinunue buluu yoyote unayoikuta sokoni. Buluu inayofanya kazi ni iliyokoza, ya aina mahususi. Ukikosea rangi umeshona pazia. Waulize maafisa wa KENTTEC, baraza la serikali la kutokomeza mbung'o, au maafisa wa mifugo wa kaunti, kabla ya kukata kitambaa.

Udhaifu upo, na ni wa kweli. Watu huiba vitambaa, hasa palipotundikwa mitego bila kijiji kuelezwa ni ya nini. Moto wa kiangazi unaumeza mtego kwa dakika moja. Nyati akijikuna kwenye nguzo, umekwisha. Majani yakiota yakaziba mbawa, mbung'o hauoni tena. Jua linapausha rangi, kopo linakauka, neti inatoboka na waliokamatwa wanatoka. Na hata ukisafisha kwako, Ruma yenye kilomita za mraba 120 iko pale, na mvua zikinyesha mbung'o wanatawanyika kutoka vichakani. Nguruman nako yaliwapata hayo hayo: msimu wa mvua wageni walimiminika kutoka nje ya eneo la mitego. Mtego ulioachwa bila mtu ni nguo iliyoanikwa porini. Vikundi vya vijana na vya kina mama vinavyopewa zamu na kulipwa kitu kidogo ndivyo hudumu, na fedha za kaunti zingeanzia hapo.

Kuna silaha nyingine kubwa zaidi ambayo mwanakijiji hawezi kuinunua, lakini siwezi kuimaliza makala hii bila kuitaja, maana ni fahari ya Waswahili. Unguja! Kati ya 1994 na 1997 mbung'o walifutwa kisiwani. Walipunguzwa kwanza kwa vitambaa vyenye dawa na kwa kupaka mifugo, kisha ndege zikamwaga madume yaliyofugwa Tanga na kutiwa mionzi hadi yakawa tasa. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja maishani. Akipandwa na tasa, basi. Unguja ni kisiwa, bahari inaulinda ushindi. Lakini Lambwe nalo ni bonde lililobanwa, Kanyamwa upande huu, vilima vya Gwasi upande ule, ziwa mbele. Mbung'o wake hawana njia nyingi za kutoka wala za kuingia. Nikisimama juu ya ukuta wa Kanyamwa nikilitazama bonde chini, siachi kuwaza jambo hilo, na sioni kwa nini lisizungumzwe kwa sauti kwenye mabaraza ya Homa Bay.

Ukija kujionea, usivae shati la buluu na suruali nyeusi. Vaa kaki au rangi ya majani makavu, mikono mirefu, kitambaa kizito, maana mbung'o anachoma kupita nguo nyepesi. Pita asubuhi au alasiri, ndipo wanapowinda. Na ukiamua kutundika wako, tafuta uwazi unaopakana na kichaka, mahali ng'ombe hupita kwenda majini, mbawa zitazame kwenye uwazi. Fyeka majani kuzunguka, pana vya kutosha moto usifike. Nguzo ziwe imara, kopo la mkojo liwe upande wa nyuma kivulini lisikauke upesi, na umbali hadi mtego wa jirani uwe mita 200 au 300. Mpange na majirani mstari mmoja, upande wa Ruma kwanza, kabla ya mvua za Machi.